Nani Anauza Kipengere?

Siku ya kwanza hisa za Kipengere zilipoanguka, Atuganile alidhani kuna mtu kule Dar es Salaam amekosea kuandika. Aliisoma taarifa ya soko kwenye simu, akaifunga, akaifungua tena. Ijumaa hisa moja ilikuwa shilingi elfu moja mia tatu. Jumatatu hiyo ilifunga elfu moja na themanini. Tangu aanze uwakala, miaka sita nyuma, hajapata kuiona ikishuka zaidi ya shilingi thelathini kwa siku.

Kipengere ilikuwa kampuni ya mbolea, kiwanda chake kipo njia ya Makambako, na watu wa Nyanda za Juu walizinunua hisa zake kama mtu anavyonunua ng'ombe wa maziwa: hawamnunui wamuuze, wanamnunua wamkamue. Kila mwaka gawio la faida lilikuja, dogo lakini halikukosa. Ndiyo maana hata wasioelewa lolote kuhusu Soko la Hisa waliiamini, na wengi wao walipitia mikononi mwa Atuganile.

Alikuwa na chumba kimoja cha ofisi Mwanjelwa, mjini Mbeya, juu ya duka la vitenge. Kampuni ya madalali wa hisa iitwayo Ngazi ilimpa uwakala wa Mbeya na Iringa. Alifungua akaunti za wateja, akawajazia fomu za kununua na kuuza, akazituma makao makuu Dar es Salaam ambako ndiko biashara yenyewe ilifanyika. Aliyemsaidia alikuwa Jailos, mtu mzima aliyestaafu benki, mpole, mwenye mwandiko wa kupendeza na tabia ya kutouliza maswali mengi.

Jumanne bei ilifika mia tisa na ishirini, na simu zikaanza. Mchungaji mmoja wa Rungwe alipiga mara nne kabla ya saa nne asubuhi. Mwalimu wa Uyole alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti cha wageni kama mtu aliyeleta mgonjwa. Mjini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema kiwanda kimeungua, wengine wakasema mkurugenzi amekimbia nchi, na Isakwisa, mfanyabiashara wa mchele aliyekuwa na hisa chache, aliapa kwamba Wazungu wanaichukua na wanaishusha makusudi. Atuganile alipiga kiwandani. Dada wa mapokezi alimwambia mitambo inafanya kazi na malori yamepanga foleni getini kama kawaida. Alishukuru, akakata simu, na hakumwamini. Dada wa mapokezi angesema nini kingine?

Jumatano ndipo ilipokuja taarifa inayoonyesha ni dalali gani ameuza na dalali gani amenunua. Atuganile aliisoma akiwa amesimama dirishani, akatafuta kiti kwa mkono bila kugeuka. Katika kila hisa kumi za Kipengere zilizouzwa wiki ile, tisa zilipitia Ngazi. Walionunua walitawanyika kwa madalali wengine wote. Aliyeuza alikuwa mlango mmoja tu, na mlango ule ulikuwa wa kwake.

Akaanza kufikiri kama alivyofundishwa. Watu wadogo wadogo wakiogopa, wanauza kila mmoja kwa dalali wake. Uuzaji ukitoka mlango mmoja, siku tatu mfululizo, basi huyo ni mtu mmoja. Na mtu mmoja mwenye hisa nyingi kiasi hicho hawezi kuwa mtu wa barabarani. Ni mtu wa ndani. Mtu wa ndani akiuza kila alichonacho kwa bei yoyote, amejua jambo ambalo wengine watalijua wakati wamechelewa.

Akampigia Saulo, kijana aliyeshughulikia oda zote za Ngazi pale sokoni. Walizoeana, walitaniana kila siku. Safari hii alimwuliza bila utani: nani anauza Kipengere?

Saulo alishangaa. "Dada Atu, unaniuliza mimi?"

"Nakuuliza wewe. Nina wateja huku wanalia."

"Mambo ya mteja hatuyasemi kwenye simu, unajua. Halafu wewe ndiye wa kuniambia mimi, siyo mimi nikuambie wewe." Kisha akasema ana oda nyingine mezani, akakata.

Atuganile aliyageuza maneno yale kichwani mpaka yakapata sura aliyoiogopa. Wewe ndiye wa kuniambia mimi. Yaani muuzaji ni mtu anayemjua. Katika wateja wote wa Ngazi aliowajua, mmoja tu ndiye aliyekuwa na mzigo wa hisa za Kipengere wa kuweza kuangusha bei hivyo: Mzee Sosthenes wa Kalenga.

Mzee Sosthenes ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii. Alikuwa mhasibu wa Kipengere kwa miaka ishirini na miwili, akalipwa hisa pale kampuni ilipouzwa kwa wananchi, na kila alipopata shilingi akaongeza nyingine, mpaka zikapita laki mbili. Alipostaafu alirudi Kalenga kulima mahindi, na jioni moja kwenye mkutano wa vikundi vya akiba mjini Iringa alimsikia Atuganile akiuliza maswali, akampenda kwa maswali yake. Yeye ndiye aliyemfundisha kusoma hesabu za kampuni. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba bei ikianguka, usianze kuuliza imeanguka kiasi gani, anza kuuliza nani anauza. Na yeye ndiye aliyesimama mbele ya wakulima wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni akawaambia, kwa sauti ile ya taratibu, kwamba Kipengere atazikwa nayo.

Akampigia. Simu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena mchana, ikawa vilevile. Kwa mtu ambaye tayari ameshaamua, simu iliyozimwa ni ushahidi wa kutosha.

Goodness alipiga saa tisa. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa vitunguu pale Ruaha Mbuyuni, watu ishirini na sita, wengi wao wanawake, waliokuwa wametia akiba yao ya misimu mitatu kwenye Kipengere. Hakulia, hakulalamika. Aliuliza tu kuna nini na wafanye nini.

Kanuni ya kazi ilimkataza Atuganile kumwambia mteja uza au usiuze. Alichosema alikichagua kwa uangalifu, na baadaye angekikumbuka neno kwa neno. Alisema kuna mtu mmoja mkubwa, mtu wa ndani, anatoka. Alisema hawezi kumshauri. Kisha akasema, "Ila dada Goodness, zingekuwa zangu, nisingekubali kesho inikute nazo."

Fomu ya kikundi ilifika kwa simu baada ya nusu saa. Siku iliyofuata, Alhamisi, hisa zote za wakulima wa vitunguu ziliuzwa kwa shilingi mia saba thelathini na tano. Walikuwa wamezinunua kwa elfu moja na hamsini.

Ijumaa alfajiri Atuganile alipanda basi la Iringa. Alimwambia Jailos kwamba anakwenda kuonana na mteja, hakumwambia yupi. Njia nzima, kutoka Igawa mpaka Mafinga, alikuwa anapanga maneno. Angemwuliza mzee kama hakuwaonea haya wanawake wale na vitunguu vyao. Angemwuliza kama alishindwa hata kumdokeza yeye, aliyemwita baba. Hasira ilimpa joto ingawa abiria wenzake walikuwa wamejifunika mashuka kwa baridi. Iringa mjini alichukua bodaboda, na kabla ya saa saba alikuwa anashuka Kalenga, kwenye nyumba ya bati jekundu iliyozungukwa na mahindi.

Mama Benedicta, mke wa mzee, alikuwa anapukuchua mahindi kibarazani. Alimpokea kwa salamu ya "kamwene" yenye furaha, akamshika mikono yote miwili, akamwuliza hali ya mama yake kule Tukuyu ambaye alikuwa ameugua karibuni. Atuganile alijibu akiwa anatazama mlangoni. Akaambiwa baba yuko ndani, amekaa tu, madaktari wamemkataza jua. Alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho.

Alimkuta kwenye kiti cha mbao karibu na redio iliyozimwa. Jicho la kulia lilikuwa limefungwa bandeji, na la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe, likisubiri zamu yake. Aliinua uso kuelekea kwenye hatua.

"Ni Atu huyo," alisema. "Unatembea kama mtu mwenye kesi. Kaa, mwanangu."

Aliyaacha kwanza maneno aliyoyapanga tangu Igawa. Akakaa. Akauliza kwa nini simu yake haipatikani tangu juzi. Mzee akasema iliharibika, mtoto wake Aroni ameichukua kwenda kuitengeneza, ni zaidi ya wiki sasa; vijana na kazi zao. Halafu akauliza habari za mjini, na za soko, kwa kuwa tangu macho yamzibe hakuna wa kumsomea taarifa.

Basi Atuganile akamsimulia. Alimtazama usoni wakati anasimulia, akitafuta pale penye uongo. Alimweleza bei ya Jumatatu, ya Jumanne, ya Jumatano. Mzee aliinamisha kichwa, akawa anagonga goti kwa kidole kimoja kama alivyofanya zamani alipokuwa anajumlisha. Alipoambiwa kwamba uuzaji wote unatoka kwa dalali mmoja, kidole kilisimama.

"Na anaweka bei gani huyo anayeuza?"

"Yoyote. Akipata mnunuzi wa elfu moja anauza, akipata wa mia nane anauza."

"Wewe umelisomaje hilo?"

"Nimesoma kwamba ni mtu wa ndani anakimbia."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. "Hapana. Hapo umekosea. Mtu wa ndani mwenye habari mbaya huuza kwa akili, mwanangu. Leo kidogo, keshokutwa kidogo, kwa madalali watatu wanne, asije akaiangusha bei akajikata mwenyewe. Huyu anamwaga. Mtu anayemwaga hivyo ana shida ya kufa na kupona." Akafikiri kidogo. "Au anauza kisicho chake. Mali ya mtu mwingine haina uchungu wa bei."

Nje Mama Benedicta alikuwa anaendelea kupukuchua, punje zinaanguka kwenye ungo. Atuganile alikuwa amekuja kumnasa mzee huyu katika uongo, na mzee huyu hakuwa na uongo wowote usoni. Alikuwa na udadisi tu wa mhasibu aliyepewa fumbo la hesabu.

"Baba," alisema. "Wewe hujauza?"

"Niuze nini?"

"Kipengere."

"Niuze, halafu nile gawio la nani?" Alicheka kidogo. Kisha kicheko kikaisha. "Atu. Kwa nini unaniuliza hivyo?"

Badala ya kujibu, alimpigia Saulo, akaweka sauti ya nje. Akamwambia kwamba amekaa na mwenye akaunti, kwamba mwenye akaunti mwenyewe anataka kujua. Mzee akataja jina lake lote na namba ya akaunti, kwa kichwa, bila kukosea tarakimu. Saulo akakubali. Vidole vilisikika vinagonga kompyuta.

"Mzee, mwanzo wa wiki ulikuwa na hisa laki mbili na elfu kumi," Saulo alisema. "Mpaka mchana huu zimebaki elfu hamsini na sita. Tunaendelea kuziuza, kama ulivyoagiza."

Mkono wa Mzee Sosthenes ulianza kupapasa hewani, ukitafuta meza, au mtu. Atuganile aliudaka.

"Simamisha," akamwambia Saulo. "Simamisha sasa hivi. Hakuagiza. Nani ameleta hiyo oda?"

Vidole viligonga tena kompyuta.

"Dada, ilitoka kwako. Nilikuambia wewe ndiye wa kuniambia. Fomu ya kuuza ya wiki iliyopita, tarehe kumi na nne, hati ya mzee ya kumpa mtoto wake mamlaka, mhuri wa Mbeya. Saini yako."

Tarehe kumi na nne Atuganile hakuwa Mbeya. Alikuwa Tukuyu, hospitali, anamlisha mama yake uji kwa kijiko. Lakini aliijua saini ile imetoka wapi. Kabla ya kuondoka, kwa kuhofia wateja wasihangaike, alikuwa amegonga mhuri na kutia saini kwenye fomu kumi tupu, akamwachia Jailos. Alikuwa amefanya hivyo mara nyingi. Mawakala wengi walifanya hivyo.

Siku nne alikuwa amehangaika kumtafuta muuzaji sokoni, kiwandani, mpaka Kalenga. Muuzaji alikuwa ametoka mezani kwake, kwa wino wake.

Mengine yalijulikana kidogo kidogo mchana ule. Siku mzee alipopelekwa hospitali, Aroni alimpa karatasi tatu za kutia saini, akamwambia ni za bima na za kukubali upasuaji. Mzee hakuona kitu. Mwanawe alimwongoza mkono mpaka penye mstari. Moja ilikuwa hati ile ya mamlaka. Aroni akaipeleka Mbeya, na simu ya baba yake, ilivyoonekana, akamwachia mwenzake. Jailos, alipopigiwa na Atuganile, alieleza kwa sauti ya mtu anayeona ardhi inapasuka mbele yake kwamba alifuata utaratibu: alipiga namba ya mwenye hisa kuhakikisha, na mtu akapokea, akasema ndiyo, mimi ndiye, uza zote upesi, bei yoyote. Sauti ilikuwa ya mtu mzima. Angejuaje? Hakumtajia Atuganile kwa kuwa alidhani mzee mwenyewe ameshamweleza.

Mama Benedicta alisimama mlangoni, ungo bado mkononi. Alikuwa amesikia yote. Aliuliza Aroni yuko wapi, ingawa alijua, kwa sababu yeye ndiye aliyemfungia nauli. Yuko Makongolosi, kwenye machimbo ya dhahabu. Aroni alikuwa amemwambia amepata washirika wanaojenga mtambo wa kuchenjulia dhahabu, na limebaki fungu lake tu la fedha.

Mzee aliomba maji. Alikunywa yote, akashikilia kikombe kitupu.

"Kampuni iko salama?" aliuliza.

"Iko salama, baba. Haijapata kuwa na tatizo. Bei imeangushwa na oda hii peke yake."

"Kwa hiyo hisa zangu ndizo zimezishusha hisa zangu." Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Andikeni taarifa ya polisi. Mtu anisomee kila mstari, kuanzia juu mpaka chini, ndipo niweke dole."

Mama Benedicta akaketi sakafuni pale pale mlangoni. Hakupinga.

Atuganile alilala Iringa kwa shangazi yake, kama kulala ni neno lenyewe. Asubuhi yake, Jumamosi, hakurudi Mbeya. Alipanda gari la kwenda upande wa pili, akashuka mteremko wa Kitonga mpaka kwenye joto la Ruaha Mbuyuni. Goodness na wenzake walikuwa chini ya banda la kikundi wakichambua vitunguu, vikubwa huku, vidogo kule. Walimpa kigoda. Alikataa kukaa. Aliwaeleza akiwa amesimama, tangu mwanzo, bila kuficha saini zake kwenye karatasi tupu, bila kumficha Aroni, bila kuficha kwamba alimdhania mzee wa watu mwizi. Alisema hakukuwa na mtu wa ndani. Alisema walichouza kilikuwa kizima.

Wanawake waliacha kuchambua. Mmoja alijifunika uso kwa kanga. Goodness alimtazama kwa muda kama anayemwona kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo ni mtu mmoja tu alimwaga mzigo," alisema.

"Ni mtu mmoja."

"Dada, hilo sisi tunalijua. Hapa lori moja likishusha magunia mia tatu kwa bei ya hasira, soko lote linaanguka siku hiyo. Hatung'oi vitunguu shambani kwa sababu hiyo. Tunasubiri lori liondoke." Aliokota kitunguu, akakiangalia, akakirudisha. "Ulipaswa kutuambia unachokiona, siyo unachokidhani. Tungeamua wenyewe."

Atuganile aliondoka na jua la saa sita likimchoma kichwani, na hakuna aliyemsindikiza barabarani.

Malipo ya hisa huchukua siku kadhaa kutoka kwa dalali kumfikia aliyeuza, na hilo ndilo lililookoa kidogo. Fedha za mauzo ya Jumatano na kuendelea zilikuwa bado hazijatoka. Zilizuiwa, zikarudi kwa mzee. Za Jumatatu na Jumanne zilikuwa zimeshazama Makongolosi, kwenye mtambo ambao polisi waliukuta ni nguzo sita na shimo. Aroni alikamatwa pale pale, hakukimbia. Hisa zilizouzwa hazikurudi. Wanunuzi walikuwa wamenunua kihalali, na sheria haikuwa na neno nao.

Jailos aliacha kazi mwenyewe. Atuganile alinyang'anywa uwakala. Barua ilikuwa ya aya mbili na aliisoma akiwa amesimama tena pale dirishani, akaona kwamba haikuongeza hata neno moja la uongo. Alifunga chumba cha Mwanjelwa, akaanza kuuza mbegu za mboga kwenye kibanda mtaani Soweto, humo humo Mbeya. Wiki tatu baada ya yote bei ya Kipengere ilikuwa imepanda hadi elfu moja mia moja na tisini, na watu wa mjini wakasema walijua tangu mwanzo.

Msimu uliofuata kikundi cha vitunguu kilinunua tena, hisa chache, kupitia wakala mwingine. Goodness hakumpigia Atuganile kumwambia. Atuganile alilisikia kwa Isakwisa, aliyekuja kununua mbegu za kabichi, akalitaja kama habari ya kawaida, na akashangaa kumwona mwenye kibanda ameacha kupima mbegu, mizani mkononi, akiwa amesahau kabisa alikuwa amefika gramu ngapi.